Kubana Faili: Hesabu ya Mzigo Unaokwama Mlangoni pa Barua Pepe

Utangulizi

Katika masoko ya Kasulu na Kibondo, mfanyabiashara anayesafirisha ndoo za plastiki hazipangi ndoo hizo moja kando ya nyingine. Huzipachika moja ndani ya nyingine, na mnara wa ndoo ishirini ukachukua nafasi ndogo kwenye paa la gari. Akifika aendako huzichomoa, na kila ndoo inakuwa kama ilivyokuwa mwanzo. Mfanyabiashara wa dagaa kutoka ufukoni mwa Ziwa Tanganyika naye hupunguza mzigo, lakini kwa njia nyingine: huwaanika dagaa mpaka maji yatoke. Mzigo unakuwa mwepesi na hauozi njiani. Hata hivyo hakuna mpishi awezaye kuwarudisha dagaa wale katika hali ya ubichi.

Njia hizo mbili ndizo zinazotumiwa na kompyuta kupunguza ukubwa wa faili. Ya kwanza tutaiita kubana bila hasara, na ya pili kubana kwa hasara. Katika makala haya tutachunguza jinsi kila moja inavyofanya kazi, kwa nini faili iliyobanwa huweza kukataliwa na mfumo wa barua pepe wa ofisi, na mtumaji afanye nini ili mzigo wake ufike. Hesabu zitakazotumika hazizidi zile za shule ya sekondari.

Kisa cha karatasi kumi na nne

Ndugu msomaji, somo hili nililifundishwa na tukio. Miaka michache iliyopita nilikuwa katika wilaya hizo mbili nikikagua wanafunzi wetu wa ualimu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Mkuu wa shule moja alinijia jioni na simu yake mkononi. Mwanafunzi wake aliyemaliza kidato cha sita alikuwa anaomba ufadhili wa masomo katika ofisi fulani mjini, na siku ya mwisho ya kupokea maombi ilikuwa imekaribia. Karatasi zilikuwa kumi na nne: cheti cha kuzaliwa, vyeti vya mitihani, barua ya serikali ya kijiji na nyinginezo. Zote zilikuwa zimepigwa picha kwa simu.

Jumla ya picha hizo ilikuwa megabaiti 31. Barua ya kwanza ilirudi, ikisema kwamba kiambatisho kimezidi kipimo. Tukazibana picha zote katika faili moja ya ZIP. Ukubwa ukashuka kutoka megabaiti 31 hadi 30 tu. Tukazigawa katika mafungu kadhaa, tukayafunga kwa neno la siri ili habari za mtoto wa watu zisisomwe ovyo, tukazituma tena. Safari hii hakuna kilichorudi. Tulishukuru tukidhani mzigo umefika. Wiki mbili baadaye tuliarifiwa kwamba ofisi ile haikuwa imeona barua yoyote. Karatasi zilipelekwa kwa basi, zikafika baada ya dirisha kufungwa, na kijana yule akapoteza mwaka mzima.

Mimi nilisomea shahada ya udaktari ng'ambo, mahali ambapo mtandao ulikuwa wa kasi kiasi kwamba sikuwahi kujiuliza faili ina ukubwa gani. Kule Kibondo niliona aibu, kwa maana kila kosa tulilolifanya lilikuwa na maelezo katika vitabu ninavyovifundishia. Tuyatazame makosa hayo moja baada ya jingine.

1. Kwa nini faili hunenepa njiani

Kompyuta huhifadhi kila kitu, yaani maandishi, picha na sauti, kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Tarakimu moja ya namna hiyo huitwa biti, na biti 8 hufanya baiti moja. Megabaiti, kwa hesabu ya makala haya, ni baiti milioni moja.

Utaratibu wa kupokezana barua pepe unaotumika hadi leo uliandikwa mwaka 1982, wakati ambapo barua zilikuwa maandishi matupu ya herufi za Kiingereza. Herufi hizo hutoshea katika biti 7. Baiti za picha, zenye biti 8 na zisizo herufi, hazikuwa na njia ya uhakika ya kupita. Mwaka 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed walitoa kanuni ziitwazo MIME zilizowezesha viambatisho. Ufumbuzi wao haukubomoa barabara ya zamani. Waliuvalisha mzigo mpya mavazi ya herufi za kawaida ili upite barabarani bila kusumbuliwa.

Mavazi hayo hushonwa hivi. Chukua baiti 3, yaani biti 24. Zigawe katika mafungu manne ya biti 6. Fungu la biti 6 laweza kuwa na namba kuanzia 0 hadi 63, yaani hali 64. Kila namba hupewa herufi yake: A hadi Z ni 0 hadi 25, a hadi z ni 26 hadi 51, tarakimu 0 hadi 9 ni 52 hadi 61, alama ya kujumlisha ni 62, na mkwaju ni 63.

Tujaribu kwa herufi tatu za mwanzo za jina la mto wetu Malagarasi. Katika msimbo wa kompyuta, M ni 77, A ni 65, na L ni 76. Kwa biti:

M = 01001101
A = 01000001
L = 01001100

Tukiziunganisha na kuzigawa kwa sita sita tunapata 010011, 010100, 000101 na 001100, yaani 19, 20, 5 na 12. Herufi zake ni T, U, F na M. Basi MAL husafiri kama TUFM: vitu vitatu vimekuwa vinne.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo watumaji wengi hawalijui. Kila kiambatisho hunenepa kwa theluthi moja kabla ya kuondoka. Faili ya megabaiti 8 husafiri ikiwa na uzito wa 8 × 4/3, yaani megabaiti 10.7 hivi, na ofisi iliyoweka kipimo cha megabaiti 10 huikataa. Zaidi ya hayo, kila mstari wa herufi 76 humaliziwa kwa alama 2 za kufunga mstari. Hivyo baiti 57 za asili huwa 78. Kwa kipimo cha megabaiti 10, faili kubwa kabisa inayoweza kupita ni:

10 × 57/78 = megabaiti 7.3

Mtumaji aliye mwangalifu achukue kipimo kilichotangazwa, akizidishe kwa 0.7, naye hatakosea.

Unene huo una gharama yake ya muda pia. Tuseme mtandao wa simu unapeleka kilobiti 256 kwa sekunde. Picha zetu za megabaiti 31 ni biti milioni 248. Baada ya kunenepa zinakuwa milioni 331 hivi. Tukigawanya kwa 256,000 tunapata sekunde 1,292, yaani zaidi ya dakika 21 za kupakia, kisha barua inakataliwa na salio la simu limekwisha.

2. Kubana bila hasara: herufi za mara kwa mara zipewe alama fupi

Wazee wetu waliotuma simu za maandishi katika ofisi za posta walilipia kila neno. Hakuna aliyeandika, "Ninakuarifu kwamba baba yetu ni mgonjwa, hivyo nakuomba uje." Aliandika, "Baba mgonjwa njoo." Maneno yasiyoongeza habari yaliachwa. Mwaka 1948 Claude Shannon wa Marekani aliliweka wazo hilo katika hesabu: kiasi cha habari kilichomo katika ujumbe hupimika, na ujumbe mwingi hubeba alama nyingi kuliko habari iliyomo.

Msimbo wa Morse ulilijua jambo hilo zamani. Herufi E ilipewa nukta moja tu kwa sababu ndiyo inayotumika zaidi katika Kiingereza. Lau msimbo huo ungetungwa kwa ajili ya Kiswahili, bila shaka nukta hiyo moja ingepewa A.

Mwaka 1952 David Huffman alichapisha njia ya kugawa alama fupi na ndefu kwa namna bora kabisa. Alikuwa ameigundua akiwa mwanafunzi, alipopewa nafasi ya kuandika insha badala ya kufanya mtihani. Tuitumie kwa jina MALAGARASI.

Jina hilo lina herufi 10. A imetokea mara 4. M, L, G, R, S na I zimetokea mara moja moja. Kwa msimbo wa kawaida wa biti 8 kwa herufi, jina lote linahitaji biti 80. Kwa kuwa aina za herufi ni 7 tu, tungeweza kuzipa biti 3 kila moja, tukatumia biti 30. Huffman anatuwezesha kushuka zaidi.

Kanuni yake ni hii: chukua vitu viwili vyenye idadi ndogo kuliko vingine, viunganishe viwe kitu kimoja chenye jumla ya idadi zao, kisha rudia mpaka kibaki kimoja.

Hatua ya 1: M na L zinakuwa 2.
Hatua ya 2: G na R zinakuwa 2.
Hatua ya 3: S na I zinakuwa 2.
Hatua ya 4: ML na GR zinakuwa 4.
Hatua ya 5: SI yenye 2 inaungana na MLGR yenye 4, jumla 6.
Hatua ya 6: A yenye 4 inaungana na zilizobaki, jumla 10.

Sasa tunateremka kutoka juu. Kila tunapofika kwenye njia panda, tawi moja tunalipa 0 na jingine 1. Tunapata:

A = 0
S = 100
I = 101
M = 1100
L = 1101
G = 1110
R = 1111

Jina MALAGARASI linaandikwa hivi:

1100 0 1101 0 1110 0 1111 0 100 101

Zihesabu: ni biti 26. Msomaji atauliza, je, tukiziondoa nafasi zilizo kati, mpokeaji atajuaje herufi moja inaishia wapi? Jibu ni kwamba hakuna alama iliyo mwanzo wa alama nyingine. Mpokeaji akikutana na 0 mahali ambapo herufi inaanza, anajua ni A na si kitu kingine. Akikutana na 1 anaendelea kusoma mpaka apate alama iliyo kamili. Mwambie mwanafunzi mmoja aandike ubaoni 11000110101110011110100101, na mwingine aifumbue kwa jedwali lililo hapo juu. Itafumbuka kwa njia moja tu.

Lakini mpokeaji anahitaji jedwali. Jedwali nalo lina uzito. Kwa neno moja, jedwali huwa zito kuliko akiba tuliyoipata. Kwa kitabu kizima, uzito wake hauonekani. Ndiyo sababu faili ndogo sana ikibanwa huweza kuongezeka.

3. Maneno yanayojirudia

Mwaka 1977 Jacob Ziv na Abraham Lempel walionyesha njia ya pili. Chukulia orodha ya wanafunzi 400, na katika kila mstari yameandikwa maneno "Wilaya ya Kibondo, Mkoa wa Kigoma". Maneno hayo, pamoja na nafasi na mkato, ni alama 33. Mara 400 ni alama 13,200. Ziv na Lempel wanasema: yaandike mara moja tu, baada ya hapo, kila yanapotokea, andika namba mbili, "rudi nyuma hatua kadhaa, unakili alama kadhaa".

Muundo wa ZIP, uliotolewa na Phil Katz wa Marekani mwaka 1989, baadaye ulipata njia inayoziunganisha mbinu hizi mbili. Kwanza hutafuta marudio ndani ya alama 32,768 zilizotangulia, kisha matokeo huyapitisha katika msimbo wa Huffman. Orodha, majedwali ya matokeo na taarifa za mvua hubanika sana kwa njia hii, kwa sababu zimejaa marudio. Mpokeaji akifungua, anapata kila herufi na kila tarakimu kama ilivyokuwa. Hizo ndizo ndoo zilizopachikana.

4. Kwa nini picha zetu hazikubanika

Tulipozitia picha katika ZIP, megabaiti 31 zilipungua moja tu. Sababu ni kwamba picha za simu huwa zimekwisha kubanwa. Simu huhifadhi picha kwa muundo wa JPEG au wa namna hiyo, ambao hubana kwa hasara: hutupa tofauti ndogo za rangi ambazo jicho halizitambui, kisha kilichobaki hukipitisha katika msimbo kama ule wa Huffman. Ni dagaa waliokwisha kukauka. Kuwaanika tena hakutoi maji.

Hali ni hiyo hiyo kwa faili mpya za Word na Excel, zile ambazo majina yake huishia na docx au xlsx. Zenyewe ni ZIP kwa ndani. Mwalimu anaweza kunakili faili moja ya docx, akaibadili nakala jina imalizikie na zip, akaifungua mbele ya darasa. Wanafunzi wataona maandishi na picha zikiwa zimepangwa katika mafolda.

Je, haiwezekani kutunga programu bora itakayobana kila faili? Haiwezekani, na uthibitisho wake ni mfupi. Chukua faili zote zenye biti 10. Idadi yake ni 2 kwa kipeo cha 10, yaani 1,024. Kama kila moja ingebanwa, ingepata makao katika faili yenye biti 9 au pungufu. Faili hizo fupi ziko ngapi? Ni 1 + 2 + 4 + 8 na kuendelea hadi 512, tukihesabu na ile isiyo na biti hata moja. Jumla ya mfululizo huo ni 1,023. Faili 1,024 haziwezi kuingia katika vyumba 1,023 bila mbili kulala chumba kimoja, na zikilala pamoja mpokeaji hataweza kuzitenganisha. Kwa hiyo yeyote anayetangaza programu ya kubana kila kitu bila hasara ni mwongo au hajui hesabu.

5. Punguza kabla ya kubana

Dawa ya picha za karatasi ni kuzipunguza zinapotengenezwa. Karatasi ya A4 ina upana wa inchi 8.27 na urefu wa inchi 11.69. Ikiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi, inakuwa na nukta 2,480 kwa 3,508, yaani nukta 8,699,840. Kila nukta ya rangi huchukua baiti 3, kwa hiyo kabla ya kubanwa ukurasa mmoja ni megabaiti 26. Tazama hesabu inavyoshuka:

Rangi, nukta 300 kwa inchi: megabaiti 26.1
Kijivu, nukta 300 kwa inchi: megabaiti 8.7
Kijivu, nukta 150 kwa inchi: megabaiti 2.2
Nyeusi na nyeupe tu, nukta 300 kwa inchi: megabaiti 1.1

Kupunguza nukta kwa nusu hupunguza ukubwa mara nne, kwa kuwa nusu hiyo huhesabiwa katika upana na katika urefu. Kurasa zetu 14, kwa kijivu na nukta 150, zingekuwa megabaiti 30 hivi kabla ya kubanwa. JPEG huweza kupunguza mara kumi bila maandishi kuharibika kwa kiasi cha kutosomeka. Tungepata faili moja ya PDF yenye megabaiti 3 hivi. Tukiongeza theluthi ya safari, inakuwa 4. Kwa mtandao ule ule wa kilobiti 256, ingepanda kwa sekunde 125, yaani dakika mbili na kidogo, badala ya ishirini na moja.

Tahadhari moja: cheti kisipunguzwe mpaka namba na muhuri visisomeke. Mtumaji aifungue faili yake mwenyewe na kusoma namba ya cheti kabla ya kuituma. Nakala ya asili yenye ubora wote ibaki shuleni.

6. Mlinzi wa mlangoni

Sasa tuje kwenye kosa lililotugharimu zaidi. Kwa nini mafungu yetu yaliyofungwa kwa neno la siri yalipotea bila taarifa?

Mwezi Mei mwaka 2000, barua pepe yenye kichwa cha maneno ya mapenzi ilienea duniani kwa siku chache ikiwa na kiambatisho kilichojifanya maandishi ya kawaida. Jina lake lilionekana kuishia na TXT, kumbe nyuma yake zilikuwapo herufi VBS, maana yake ni programu. Waliokifungua waliharibiwa faili zao, na barua ikajituma yenyewe kwa watu waliomo katika daftari lao la anwani. Tangu hapo ofisi zimezidi kuweka walinzi, yaani programu zinazokagua kila kiambatisho.

Mlinzi huyo hatazami jina pekee. Hutazama baiti za mwanzo. Faili ya ZIP huanza na herufi PK, ambazo ni herufi za mwanzo za majina ya Phil Katz. Programu ya Windows huanza na MZ. Kubadili jina la faili hakubadili herufi hizo, kama vile kubadili kibandiko cha gunia kusivyogeuza mahindi kuwa maharage. Mlinzi hufungua ZIP na kukagua kilichomo. Tena huwa mwangalifu asinaswe: ipo faili maarufu ya ZIP yenye kilobaiti 42 ambayo, ikifunguliwa tabaka kwa tabaka, hufika petabaiti 4.5, yaani megabaiti bilioni 4.5, na kuijaza mashine yoyote. Kwa hiyo walinzi wengi hukataa ZIP iliyo ndani ya ZIP nyingine.

Faili iliyofungwa kwa neno la siri humtia mlinzi katika shida kubwa zaidi, maana hawezi kuona kilichomo. Ofisi nyingi huamua kwamba kisichokaguliwa kisipite. Sisi tuliona neno la siri kuwa ni adabu. Mlinzi aliliona kuwa ni mzigo uliofunikwa turubai mbele ya kizuizi cha barabarani.

Na kwa nini hakutuarifu? Barua inapozidi kipimo, seva huikataa pale pale mlangoni, na mtumaji hupata taarifa yenye namba inayoanza na 5, maana yake kukataliwa kabisa. Namba inayoanza na 4 humaanisha jaribu baadaye. Lakini barua iliyokwisha kupokelewa ndipo ikashukiwa huwekwa kando katika chumba cha karantini. Seva nyingi haziandiki jibu, kwa sababu anwani za watumaji wa virusi aghalabu ni za kughushi, na jibu lingemwendea mtu asiyehusika. Kwa hiyo ukimya si dalili ya kufika.

7. Utaratibu unaofaa

Wapo wanaofundishana hila za kumpita mlinzi. Mwalimu asifundishe hila hizo: kwanza walinzi huzigundua, pili zikifanikiwa zinafungua mlango kwa wengine wenye nia mbaya. Njia iliyo sawa ni hii.

Kwanza, iulize ofisi kabla ya kutuma: kipimo chenu ni megabaiti ngapi, na mnapokea faili za muundo gani? Pili, punguza picha, uziunganishe katika PDF moja. Kwa kawaida PDF hupokelewa hata pale ZIP inapokataliwa. Tatu, ikiwa mzigo bado ni mkubwa, tuma barua kadhaa zenye PDF zilizo kamili, ukiandika "1 kati ya 3", "2 kati ya 3" na kadhalika. Hii ni bora kuliko kukata ZIP moja vipande, maana kipande kimoja kikipotea vyote huwa havifunguki. Nne, ikiwa lazima kutumia neno la siri, kubaliana kwanza na mpokeaji ili amwarifu msimamizi wa mtandao wake, na neno lenyewe mpe kwa simu, si katika barua ile ile. Kumbuka pia kwamba ZIP ya kawaida yenye neno la siri huficha yaliyomo lakini huacha majina ya faili yakisomeka. Basi usiyape mafaili majina ya wanafunzi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika mwezi Mei 2023, kutunza habari za watu si hiari tena. Tano, usihesabu mzigo kuwa umefika mpaka binadamu akujibu. Piga simu siku inayofuata, wala usingoje siku ya mwisho.

Hitimisho

Mwaka uliofuata mkuu yule wa shule alituma maombi ya kijana wake kwa utaratibu huu. Kurasa zilikuwa zile zile kumi na nne. PDF moja iliondoka Kibondo asubuhi, na kabla ya saa sita mchana alikwisha kuzungumza kwa simu na karani aliyeiona. Kijana sasa yuko chuoni. Hatukuwa na mtandao wa kasi zaidi wala programu mpya. Tulikuwa tumefanya hesabu kabla ya kufunga mzigo.

Mazoezi

1. Ofisi imeweka kipimo cha megabaiti 20 kwa barua. Ukiacha alama za kufunga mistari, faili kubwa kabisa inayoweza kupita ni ya ukubwa gani?

2. Geuza herufi KAS kuwa mavazi ya safari. (K ni 75, A ni 65, S ni 83.)

3. Tunga msimbo wa Huffman wa jina KAKONKO. Biti ngapi zinahitajika, nazo zilikuwa ngapi kwa msimbo wa biti 8?

4. Thibitisha kwamba hakuna programu inayoweza kubana faili zote zenye biti 5.

5. Kazi ya vikundi, isiyohitaji kompyuta: chukueni aya moja ya gazeti la Kiswahili, hesabuni kila herufi imetokea mara ngapi, kisha mseme ni herufi zipi tano mngezipa alama fupi. Linganisheni na aya ya Kiingereza yenye urefu huo huo.

Majibu

1. 20 × 3/4 = megabaiti 15.

2. 010010, 110100, 000101, 010011. Yaani 18, 52, 5, 19. Herufi ni S, tarakimu 0, F na T.

3. K mara 3, O mara 2, A na N mara moja moja. K = 0, O = 10, A = 110, N = 111. Jumla ni biti 3 + 4 + 3 + 3 = 13, badala ya 56.

4. Faili za biti 5 ni 32; faili fupi zaidi ni 1 + 2 + 4 + 8 + 16 = 31. Moja hukosa makao.